Manung'uniko ya Wajane wa Yerusalemu

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 6, aya ya 1 hadi ya 7

Mkatekumeni anayesoma habari za Wakristu wa kwanza hufurahi anapofika mahali paelezapo jinsi waamini walivyokuwa na moyo mmoja, wakiuza mali zao na kugawiana kwa kadiri ya haja ya kila mtu. Huenda akadhani kwamba katika Kanisa lile halikusikika neno baya hata moja. Lakini kitabu kile kile cha Mtakatifu Luka, baada ya kurasa chache tu, chasema wazi kwamba manung'uniko yalizuka. Nayo hayakuzuka kwa ajili ya fumbo kubwa la imani. Yalizuka kwa ajili ya chakula.

Katika Yerusalemu walikuwako Wayahudi wa namna mbili. Wengine walizaliwa nchini, wakasema Kiaramu. Wengine walikuwa wamerudi kutoka nchi za mbali, wakasema Kigiriki. Wote walioamini walipata ubatizo ule ule. Kila siku wajane waligawiwa chakula, na wajane wa wale wasemao Kigiriki walikuwa wakisahauliwa. Kitabu hakisemi kwamba walinyimwa kwa chuki. Yaelekea wagawaji waliwajua zaidi watu wa lugha yao wenyewe. Mjane asiyeweza kusema na mgawaji hukaa nyuma. Naye akaaye nyuma hupata kilichobaki, na siku nyingine hakibaki kitu. Jambo hili laeleweka upesi kwa mgeni yeyote aliyepata kufika soko la Butembo bila kujua Kinande.

Mitume Kumi na Wawili waliposikia, wangaliweza kuwakemea wanung'unikaji. Wangaliweza kuwaambia wavumilie na kusali, kisha mambo yabaki kama yalivyokuwa. Wangaliweza pia kushika vyungu wao wenyewe na kugawa chakula kwa mikono yao, na watu wangaliwasifu kwa unyenyekevu. Hawakufanya hata moja katika hayo matatu. Waliita mkutano wa waamini wote, na neno lililokuwa likisemwa pembeni likasemwa mbele ya watu wote.

Ni vema kuangalia kwa makini yale waliyoyaamua. Hawakutoa shauri la jumla kwamba watu wapendane zaidi. Upendo ulikuwapo, kilichokosekana kilikuwa mpango. Kwa hiyo waliitaja kazi yenyewe, yaani huduma ya meza. Wakataja hesabu ya watu: saba. Wakataja sifa zao: wenye kusifiwa na watu, wenye kujaa Roho Mtakatifu na hekima. (Hekima nayo ilitajwa, kwa kuwa mtu mwema asiyejua kuhesabu mikate asingefaa kwa kazi ile.) Wakasema pia nani atakayechagua: mkutano wote. Na wao wenyewe wakabaki na kazi yao ya sala na ya kuhubiri Neno. Hivyo kila mmoja alirudi nyumbani akijua lililo lake na lisilo lake.

Waliochaguliwa ni Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Kwa sababu hiyo waalimu wengi wa Maandiko hufikiri kwamba walitoka katika upande ule ule ulionung'unika. Ikiwa ndivyo, basi ajabu ya habari hii ni kubwa: wale waliolalamika walikabidhiwa chakula cha wajane wote, hata cha wajane wa upande wa pili. Mitume waliwasali, wakawawekea mikono. Mtakatifu Luka aongeza kwamba baada ya hayo Neno la Mungu lilienea, hata makuhani wengi wakaamini.

Nchi ya Beni na Butembo nayo imepata kuona jambo linalofanana na hili, tena kwa machozi mengi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Ebola umeonekana Mangina, mji mdogo usio mbali na Beni. Ilikuwa mara ya kumi kwa nchi ya Kongo kupatwa na ugonjwa huo. Waganga wa hospitali walikuja upesi, na safari hii walikuwa na chanjo. Lakini walikuta watu wenye jeraha la zamani. Tangu Oktoba 2014 wakaaji wa Beni na vijiji vyake walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki, na wengi walijiona wameachwa. Sasa ghafula motokari nyingi zikajaa barabarani, na watu wakauliza: mbona hazikuja siku ile tulipokuwa tunawazika waliochinjwa? Mwisho wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, hali watu waliendelea kwenda sokoni na kanisani kama kawaida. Basi wengi wakasema kwamba ugonjwa wenyewe ni siasa, au ni biashara ya wakubwa.

Maneno hayo hayakuwa na mahali pa kusemwa. Yalisemwa usiku, penye moto, na kila aliyeyapokea aliyaongeza kidogo. Wagonjwa wakafichwa. Maiti zikazikwa kwa siri. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili mwaka ule mganga mmoja kutoka Kameruni aliuawa Butembo, akiwa katika kazi ya kuwaponya watu. Kumwua mtu ni dhambi kubwa, na hakuna jeraha la zamani linaloifanya iwe haki. Lakini mwenye akili atauliza pia kwa nini neno la watu halikusikilizwa tangu mwezi wa kwanza.

Maana ugonjwa huu hauwezi kuzuiwa na waganga peke yao. Kila mgonjwa anapopatikana, wale wote waliomgusa hutafutwa na kuangaliwa kwa muda wa siku 21, nao huchanjwa pamoja na jirani zao. Ili kazi hii ifanyike, mtu hana budi kutaja majina: nani alimwosha marehemu, nani alilala chumba kimoja na mgonjwa, nani alikuja kusalimu kisha akarudi kijijini kwake. Nani atamtajia majina ya ndugu zake mgeni asiyemwamini?

Polepole njia ilibadilishwa. Wafanya kazi wa Msalaba Mwekundu, wenyeji wa nchi, walipita nyumba kwa nyumba, si kufundisha tu, bali kuandika maswali na malalamiko ya watu na kuyafikisha kwa wakubwa wa kazi. Mojawapo ya malalamiko ilikuwa hii: ndugu akiingizwa katika kituo haonekani tena, na akifa huzikwa na watu waliofunikwa uso. Vikatengenezwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, hata mama akaweza kumwona mwanawe na kusema naye bila kumgusa. Jamaa wakaruhusiwa kufuata maziko na kusali. Katika mahali pengine vijana wa kijiji chenyewe walifundishwa kuzika kwa usalama, na watu wakawakubali kwa kuwa walijua ni wana wa nani. Na wale waliopona, ambao jirani zao walikuwa wakiwaogopa, walipewa kazi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza vema kama wao: kwa kuwa ugonjwa haukuwashika tena kwa urahisi, waliwabeba na kuwanyonyesha kwa chupa watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelala katika vituo vya Beni na Butembo.

Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Walikuwa wameugua watu 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Si haki kusema kwamba kusikilizana peke yake kuliumaliza, kwa maana watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na chanjo ilifanya kazi kubwa. Lakini chanjo ilimfikia yule tu aliyekubali kufungua mlango.

Si kila habari ya kazi ya pamoja katika nchi hii ni ya msiba. Wazee wa Butembo wanakumbuka jinsi Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilivyoanzishwa mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hata 1997. Wafanya biashara walichanga, na waamini wa kawaida nao wakachanga. Mtu aliyetoa kidogo alijua alichokitolea: shule ya juu katika mji wake, ambayo angeweza kuiona kwa macho yake ikipanda ukuta kwa ukuta. Lengo la namna hiyo halihitaji maneno mengi.

Lakini mkatekumeni wa kijijini hajengi chuo kikuu. Kundi lake ni shirika, yaani zile nyumba chache za jirani zinazosali pamoja, ambazo maaskofu wa Kongo walianza kuzikazia macho tangu mkutano wao wa mwaka 1961. Katika shirika ndipo mwenendo wake utakapojulikana kabla ya ubatizo. Hapo pia ndipo atakapojifunza kufanya kazi na watu ambao hakuwachagua.

Na lichukuliwe shirika moja lililoazimia kutengeneza chemchemi. Kiongozi asema baada ya sala: wiki ijayo tutatengeneza chemchemi, kila mtu aje. Wote waitikia. Jumamosi wafika watu sita, na majembe mawili. Hakuna aliyeleta mawe. Mwenye shamba lililo juu ya chemchemi atoka nyumbani na kuuliza kwa hasira ni nani aliyewapa ruhusa kuchimba. Wale sita warudi wakiwanung'unikia wasiokuja. Wasiokuja wasema kwamba hawakujua ni saa ngapi. Katika habari hii hakuna mtu mbaya hata mmoja, na chemchemi imebaki na tope lake.

Shirika jingine laanza kwa swali: ni nani anayeijua chemchemi hii kuliko wengine? Ni akina mama na wasichana, maana wao ndio wachotao asubuhi na jioni. Lakini katika mkutano wao ndio wakaao nyuma, na msichana hapendi kusema mbele ya wazee wasiomwuliza. Heshima hiyo ni njema, na si lazima kuivunja, yatosha mzee mwenyewe amgeukie na kusema, «Binti, wewe wachota pale kila siku, tuambie.» Naye aeleza kwamba wakati wa mvua tope halitoki chini bali latoka upande wa njia ya mbuzi. Neno hilo moja laokoa kazi ya siku mbili. Kisha wazee wawili watumwa kwa mwenye shamba kabla ya siku ya kazi, tena hawaendi mikono mitupu. Mmoja atajwa kwa jina kuwa mleta mawe pamoja na wanawe, mwingine mkata mianzi, mwingine mpishi. Mgonjwa asiyeweza kubeba kitu apewa watoto wa kuwaangalia, naye afurahi kwamba hakusahauliwa. Fedha za saruji zahesabiwa na watu wawili, nazo zasomwa mbele ya wote, si kwa sababu mweka fedha ni mwizi, bali ili asije akadhaniwa kuwa mwizi. Siku na saa zatajwa. Na kazi ikiisha, watu hawatawanyiki upesi. Wakaa kitambo kidogo kusema lipi halikwenda sawa.

Hapo manung'uniko yatakuwako pia. Mmoja atasema alibeba mawe mengi kuliko jirani yake. Bwana Yesu alifundisha kwamba mtu akikosewa na ndugu yake amwendee kwanza peke yake. Asiposikilizwa achukue mashahidi mmoja au wawili, ndipo alipeleke neno mbele ya Kanisa. Wengi huipita njia hii kwa kuigeuza: huanza na jirani, huenda sokoni, na mwenye kosa ndiye wa mwisho kusikia. Kwa hiyo shirika lenye busara huweka katika kila mkutano nafasi fupi baada ya Injili, ambapo mwenye neno aweza kulisema bila kukatizwa, na mwenye kujibu hajibu kabla hajarudia kwa kinywa chake alichoambiwa. Kurudia huku huonekana kama mchezo wa watoto. Walakini watu wazima wakijaribu huona kwamba mara nyingi walikuwa wakijibu neno ambalo halikusemwa.

Maswali kwa wakatekumeni

Wajane waliosahauliwa walikuwa wa lugha gani, na kwa nini walikaa nyuma?

Mitume waliamua mambo gani hata kila mtu akajua kazi yake?

Kwa nini mtu wa Beni au Butembo mwaka 2018 aliogopa kutaja majina ya waliomgusa mgonjwa, na ni nini kilichombadilisha?

Katika shirika lako ni nani akaaye nyuma, na ni jambo gani analijua ambalo wengine hawalijui? Kabla ya Jumapili kila mkatekumeni amwendee mtu huyo mmoja, amwulize, kisha alete jibu lake kwa mwalimu.