Saa Huuzwa, Wakati Hauuzwi

Mkulima wa Mbekenyera ajua vema maana ya mnada. Msimu wa ufuta au wa korosho ufikapo, hupeleka mazao yake chamani, yakapimwa uzito na kukaguliwa ubora. Kisha huuzwa katika minada ya Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, na mwenye kutaja bei ya juu ndiye ayapataye. Hakuna aulizaye korosho hizi zilipandwa na nani. Kilo ni kilo, na daraja ni daraja.

Lakini uko mnada wa namna nyingine, ambao vijana wetu husoma habari zake katika simu zao: mnada wa saa za mkononi zilizovaliwa na watu mashuhuri. Hapo lililo kubwa ni jina la aliyeivaa. Tarehe 26 Oktoba 2017, mjini New York, kampuni ya Phillips iliuza saa ya Rolex iliyokuwa ya Paul Newman, mchezaji sinema wa Marekani aliyefariki mwaka 2008. Ilinunuliwa kwa dola 17,752,500. Nayo haikuwa ya dhahabu, bali ya chuma cha pua, saa ya kutia ufunguo. Saa ya betri ya bei ndogo kwa kawaida hutunza wakati kwa usahihi zaidi kuliko saa ya namna hiyo.

Tuitazame saa hiyo kwa makini, maana ina somo. Newman alipenda mashindano ya magari. Mkewe, Joanne Woodward, alimpa saa hiyo, akaandikisha mgongoni mwake maneno machache ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu. Mwaka 1984 Newman alimwuliza kijana mmoja, rafiki wa binti yake, ni saa ngapi. Kijana akajibu kwamba hana saa. Basi Newman akampa ile yake. Mara mbili saa ile ilitolewa bure: kwanza kwa upendo wa mke, kisha kwa ukarimu kwa asiyekuwa nayo. Je, mnunuzi aliyelipa mamilioni aliupata upendo ule? Hasha, alipata chuma na maandishi.

Hata karibu na kwetu uko mfano. Mwaka 2017, mjini Geneva, iliuzwa saa ya Patek Philippe iliyokuwa ya Haile Selassie, Mfalme wa Wafalme wa Ethiopia, aliyepinduliwa mwaka 1974. Enzi imekwisha, saa imebaki. Bwana wetu alitufundisha habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, naye usiku ule ule akaitwa.

Je, mnada wa namna hiyo ni dhambi? Sivyo. Mwaka 2018 gari la fahari alilopewa Baba Mtakatifu Fransisko liliuzwa mnadani kwa euro 715,000, na sehemu ya fedha hizo ikatengwa kuwasaidia Wakristo wa bonde la Ninawi, nchini Iraki, kujenga upya makao yao. Ubaya uko katika kudhani kwamba jina la mtu mwingine, likifungwa mkononi, litatuongezea utu.

Kosa hilo latunyemelea hata sisi. Malipo ya korosho yaingiapo, kijana hununua saa ya bandia yenye jina kubwa, ili aonekane. Na ada ya mdogo wake haijalipwa. Baba naye asimcheke, ikiwa yeye mwenyewe hutangulia kilabuni kabla ya kufika nyumbani. Yafaa mume na mke wakae pamoja na watoto kabla ya siku ya malipo, wapange: chakula, ada, dawa, pembejeo, zaka, na fungu la maskini.

Kumbukeni pia kwamba tajiri na maskini wamepewa saa zile zile 24 kwa siku. Siku ya hukumu hatutaulizwa tulivaa saa gani, bali tulizitumiaje saa tulizopewa.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Ni kitu gani katika nyumba yetu kina thamani kwa sababu kilitolewa kwa upendo?
2. Fedha ya msimu uliopita ilikwenda wapi?
3. Juma hili tutampa nani saa moja ya wakati wetu: mgonjwa, mzee, au mtoto?