Kuongeza Mwendo wa Prosesa kwa Kupoza na Hewa Tu

Kila kompyuta ina saa ndani yake, wala si saa ya kutuambia kwamba kengele ya chakula imekaribia. Ni kipande kidogo cha jiwe la kwatzi kinachotetemeka kwa umeme. Kwa mtetemeko huo hupatikana mapigo, na prosesa huyafuata mapigo hayo kama wapiga makasia wanavyomfuata mpiga ngoma. Mapigo yakienda upesi, kazi huisha upesi. Basi wako watu wanaoiamuru saa hiyo iende mbio kuliko ilivyopangwa kiwandani, na katika bweni letu mabishano juu ya jambo hili yamekuwa makali kuliko ya mpira. Wengine wasema ni mali ya bure. Wengine wasema ni kuiua mashine. Nimeona yafaa tulipime jambo lenyewe kwa hesabu, maana hesabu zake si ngumu.

Mwaka 1998 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A. Mapigo yake ya msingi yalikuwa megahezi 66, nayo iliyazidisha mara nne na nusu ikapata 300. Wanunuzi wakagundua kwamba nyingi zake zilikubali kupewa mapigo ya msingi ya 100. Na 100 mara nne na nusu ni 450. Mtu alilipa bei ya chini akapata mwendo wa juu.

Siku hizi kinachobadilishwa zaidi ni kile kizidisho. Tuchukue Core i5-2500K ya mwaka 2011. Msingi wake ni megahezi 100, kizidisho ni 33, kwa hiyo mwendo ni megahezi 3,300. Herufi K maana yake ni kwamba kizidisho hakikufungwa. Ukiingia katika ukurasa wa mipango unaotokea kabla kompyuta haijaamka, ukaandika 42, utapata 4,200. Umeongeza 27 katika kila mia, wala hukutoa hata shilingi.

Lakini umeme hautoi zawadi. Joto la prosesa huongezeka sawa na mwendo, tena huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza mwendo peke yake, joto huzidi kwa 27 katika mia, basi. Bahati mbaya, mwendo ukipanda sana prosesa huanza kukosea mpaka iongezwe volti. Tuseme volti ilikuwa 1.2 nasi tukaipandisha hadi 1.3. Gawanya 1.3 kwa 1.2, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 1.27: utapata karibu 1.5. Prosesa iliyotoa wati 95 sasa yatoa wati 142. Mwendo umepanda kwa robo na kidogo, joto limepanda kwa nusu nzima. Anayeielewa hesabu hii ameelewa sehemu kubwa ya somo.

Joto hilo liende wapi? Juu ya prosesa hukaa bonge la aluminiamu au shaba lenye mapezi mengi membamba, na feni ya kuyapulizia. Tuseme bonge letu hupata joto la nyuzi 0.4 kwa kila wati, juu ya hewa inayolizunguka. Chumba kina nyuzi 27, ndani ya sanduku la kompyuta ni 35. Kwa wati 95 prosesa itafika nyuzi 73. Kwa wati 142 itafika 92, nayo ile prosesa hujilinda ikikaribia 100: hupunguza mwendo yenyewe, na ikishindwa hujizima. Ndipo unapomwona mtu anajisifu kwamba ameandika 42, kumbe mashine yake imekwisha kurudi nyuma kimyakimya.

Wako wanaodai kwamba Kampala ni mahali pazuri kwa kazi hii, kwa kuwa hatuna joto la Mombasa. Ni kweli nusu. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja katika nane. Feni ikizunguka kwa mwendo ule ule husukuma hewa pungufu. Tena kuna vumbi letu jekundu, ambalo hulala katikati ya mapezi kama blanketi. Kabla ya kugusa kizidisho, fungua sanduku, safisha mapezi kwa brashi laini huku umezuia feni isizunguke, futa grisi ya joto iliyokauka, upake mpya kidogo tu.

Kwa kompyuta nyingi hapo ndipo kazi inapokoma. Kompyuta zilizotumika maofisini ambazo wengi wetu hununua zina prosesa zilizofungwa, na ukurasa wa mipango hauna mahali pa kuandika 42. Nazo prosesa mpya hujiongezea mwendo zenyewe zikiona zimepoa, kwa hiyo usafi na feni nzuri huzipa mwendo bila ujanja wowote.

Je, kuna haja gani ya haraka hii? Barua haihitaji. Sinema yaihitaji. Sinema ya saa moja, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 90,000 ambazo kompyuta hupiga hesabu moja moja. Kazi ya saa kumi hugeuka karibu saa nane, na mahali ambapo umeme hukatika, saa mbili ni jambo kubwa. Tumtazame Isaac Nabwana wa Wakaliga, hapa hapa Kampala. Alitengeneza sinema ya “Who Killed Captain Alex?” mwaka 2010 kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipuri. Ili apate nafasi ya sinema iliyofuata ilimbidi kuifuta ile ya kwanza, na baadaye kompyuta yenyewe iliharibiwa na umeme unaokuja kwa nguvu za ghafula. Nakala ya asili haipo tena. Naona wanaobishana bweni wasahau hilo: wao huogopa prosesa kuungua, ambayo hujilinda, wala hawaogopi kupoteza kazi, ambayo haina mlinzi.

Hatari ninayoiogopa mimi ni prosesa inayokosea bila kusema. Haizimiki, huandika tarakimu moja vibaya katikati ya faili lako, nawe hujui mpaka siku ya kulifungua. Ndiyo sababu kila hatua hupimwa. Panda kizidisho kimoja tu, kisha iache kwa saa kadhaa programu ya Prime95, iliyotungwa kwa kutafuta namba tasa kubwa mno. Katika jaribio lake majibu yanajulikana tangu awali, basi prosesa ikikosea hukamatwa papo hapo. Soma kipimajoto, ikipita 80, mimi ningerudi hatua moja.

Kompyuta ya chama chetu cha sayansi ina herufi K, na ndiyo pekee tuliyo nayo. Shauri langu ni tuifikishe 38 bila kuongeza volti, kwanza tukiwa tumenakili kila faili mahali pengine. Na wanafunzi wa zamani wanaotuuliza watusaidie nini, tungeshukuru kupata bonge la kupozea lenye feni kubwa, na betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukatikapo.