Kupima Maji ya Ukosini mwa Mtoto Aliye Tumboni

Kwa kawaida seli ya mwili wa binadamu huwa na kromosomu 46, yaani nyuzi zinazochukua sifa za urithi. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake, huko Ufaransa, walitangaza kwamba mtu mwenye hali ya Down huwa na kromosomu tatu za namba 21 badala ya mbili.

Kromosomu hizo hazionekani katika picha ya mawimbi ya sauti. Kionekanacho ni dalili tu: unene wa maji yaliyo chini ya ngozi ya ukosi wa mtoto. Mwaka 1992 Kypros Nicolaides na wenzake, huko London, walieleza kuwa maji hayo yakizidi, uwezekano wa kasoro ya kromosomu huongezeka.

Kipimo hiki hufanywa mtoto akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84 toka utosini hadi matakoni, yaani baina ya wiki ya 11 na mwisho wa wiki ya 13 ya mimba. Kwa mtoto wa milimita 45, unene wa wastani ni milimita 1.2, na watoto 95 katika 100 hawapiti milimita 2.1. Kwa mtoto wa milimita 84, viwango hivyo ni 1.9 na 2.7. Kwa hiyo milimita 2.5 ni nyingi kwa mtoto wa kwanza, bali ni za kawaida kwa wa pili. Urefu ukikosewa, hata unene uliopimwa sawasawa utafasiriwa vibaya.

Makosa huweza kutokea kwa njia kadhaa. Shingo ikikunjwa kwa nyuma, kipimo huongezeka kwa kadiri ya milimita 0.6; ikiinamishwa kifuani, hupungua kwa kadiri ya 0.4. Utando wa maji ya uzazi waweza kudhaniwa kuwa ngozi. Ndiyo maana mpimaji hutakiwa kupata picha ya ubavuni iliyopita katikati ya mwili, kichwa na kifua vikijaza kioo, kisha apime zaidi ya mara moja na kuandika kipimo kikubwa kilicho sahihi.

Kipimo kikizidishwa, mama hutiwa hofu bure na huenda akachomwa sindano isiyohitajika. Kikipunguzwa, hupewa matumaini yasiyo na msingi.

Kipimo hiki kikiunganishwa na umri wa mama na viini viwili vya damu yake, hutambua takriban mimba 90 katika kila 100 zenye hali ya Down. Hata hivyo, mimba 5 hivi katika kila 100 zisizo na hali hiyo nazo hutiliwa shaka. Basi yafaa ieleweke kuwa huku ni kuchuja tu. Uthibitisho hupatikana kwa kuchunguza seli za kondo la nyuma au za maji ya uzazi, na uchukuaji wake una hatari ndogo ya kuharibu mimba. Kwa sababu hiyo mzazi anayo haki ya kuelezwa maana ya tarakimu aliyopewa kabla ya kuamua.