SOMO LA MFUGAJI: GHARAMA NA FAIDA ZA MAZAO YA SAILEJI

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Unguja na Pemba, pamoja na wafanyakazi wa Serikali wanaofuga majumbani, wanakumbushwa kwamba maziwa ya kiangazi cha Januari na Februari hutegemea malisho yanayowekwa wakati wa mvua. Saileji ni majani mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa shimoni na kufunikwa kwa nailoni yasipate hewa. Sukari iliyomo hugeuka asidi inayozuia uozo. Ng'ombe akila kilo 20 kwa siku kwa siku 60, huhitaji kilo 1,200. Je, apandiwe zao gani?

1. Matete. Hupandwa mara moja, yakakatwa kwa miaka kadhaa, kila baada ya wiki 6 hadi 8 za mvua, mradi samadi irudishwe shambani. Lakini yana maji mengi na sukari haba. Yaanikwe siku moja, kisha yatiwe molasi, takriban kilo 30 kwa tani.

2. Mahindi. Hayahitaji molasi, na punje zake humpa ng'ombe nguvu nyingi. Hukatwa punje zikianza kugumu. Hata hivyo, hutaka mbegu, mbolea na palizi kila msimu, na familia hukosa unga wake.

3. Mtama. Huvumilia uhaba wa mvua na huchipua tena baada ya kukatwa. Nguvu yake ni pungufu kidogo kuliko ya mahindi, na ndege huushambulia.

Kosa la wengi ni kulinganisha uzito wa majani mabichi. Tuchukue mfano wa mashimo mawili, kila moja limejazwa tani 10. Matete yasiyoanikwa yana chakula kikavu kama sehemu 20 katika 100. Mahindi sehemu 32. Shimo la kwanza lina tani 2 za chakula, la pili tani 3.2, ilhali uchukuzi umelipiwa tani 10 kwa yote mawili. Aliyebeba matete mabichi amelipia maji.

Kwa hiyo, mfugaji ajumlishe gharama zote: kulima, mbegu, mbolea, palizi, ukataji, uchukuzi, molasi na nailoni. Kisha agawanye kwa tani za chakula kikavu. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwonesha zao rahisi kwake. Mwenye shamba dogo na samadi ya kutosha, matete yaliyoanikwa yatamfaa. Mwenye ardhi yenye rutuba na ziada ya chakula nyumbani, apande mahindi. Mahali penye mvua chache, mtama ndio wa kutegemewa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Saileji iliyoingiwa na hewa huoza, na gharama zote hupotea pamoja nayo. Basi shimo lishindiliwe na kufunikwa barabara, lisifunguliwe kabla ya wiki 6. Mwenye shaka amwone Afisa Mifugo wa Wilaya yake kabla ya kupanda.