Hoodia: mmea wa jangwa na vipimo vyake

Wandugu wakulima, wengi munatuuliza kama koperative inaweza kuuzisha unga wa moringa kama dawa. Mbele ya kujibu, tuangalie mambo ya hoodia.

Hoodia ni mmea wenye miiba wa jangwa la Kalahari, kusini ya Afrika. Wawindaji Wasan walikuwa wanakata kipande, wanatosha miiba, wanatafuna kibichi ili njaa na kiu vitulie. Wataalamu wa Afrika ya Kusini walipatia wanyama maji yake, wakaona wanapunguza kula. Miaka ya 1990 wakaandikisha haki ya ugunduzi. Wenye kujua, Wasan, hawakuulizwa! Mapatano ya kugawana faida yalikuja tu 2003.

Kisha ikapimwa kwa watu. Wanawake wanene wenye afya waligawanywa: wamoja walikunywa yogati yenye hoodia iliyokamuliwa, wengine yogati ya kufanana, bila hoodia. Siku 15. Majibu yalitoka 2011: makundi yote mawili yalikula karibu sawasawa, uzito pia haukuachana. Lakini wenye hoodia walisikia kichefuchefu, wengine walitapika, na tansiyo ilipanda. Hatusemi Wasan walidanganya. Kipande kibichi porini na dawa iliyokamuliwa ya kila siku ni vitu viwili.

Basi moringa mu sufuria, tunakubali. Mu sashe musiandike kwamba inaponesha sukari. Na mgeni akikuja kuuliza wazee wenu juu ya majani, mapatano yaandikwe mbele ya kumupa mfuko wa kwanza.