Unaposoma Usaliti katika Tanzia: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kwa wanafunzi wa fasihi, na kwa walimu wanaosahihisha insha zao.

Usianzie kwenye kisu. Adui akikuchoma, hiyo ni vita. Msaliti ni lazima awe ameaminiwa kwanza. Kabla ya kugusa mauaji ya Kaizari katika tamthilia ya Shakespeare, onyesha jinsi alivyompenda Brutus. Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo, ikachapwa mwaka 1963. Huna udhuru wa kusoma muhtasari.

Usifungue insha kwa methali ya kikulacho. Inafunga mjadala kabla haujaanza.

Usome wote Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Wengi wanaikimbilia sindano ya shaba ambayo mwanawe alimchoma Liyongo kitovuni. Rudi nyuma. Mfalme wa Pate ameshamtega Liyongo kwenye kikoa cha makoma, yaani zamu za kuangua matunda ya mkoma, akashindwa. Amemtia gerezani, Liyongo akakata minyororo kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma ikifunika mlio. Nguvu zote za dola zimegonga mwamba, ndipo anapoitwa mtoto wa Liyongo na kuahidiwa cheo na mke. Hapa sasa tulia, maana tanzia yenyewe iko hapa: mtoto anamuuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumuua, baba anashuku kwamba swali hilo limetumwa, na bado anajibu. Ukiruka jibu hilo, hujasoma. Liyongo hakufa kwa kutojua. Alichagua kutomnyima mwanawe kitu, hata roho yake.

Usimwachie aliyetuma. Insha baada ya insha zinamlaani mtoto, mfalme anapita bila doa. Andika kwamba ahadi ilitoka kwake, na kwamba kazi ilipokwisha mtoto hakuambulia kitu.

Tafuta usaliti uliotangulia. Katika tamthilia ya Aeschylus ya mwaka 458 KK, Clytemnestra anamuua mumewe Agamemnon akirudi kutoka Troy. Lakini Agamemnon alikuwa amemchinja binti yao Iphigenia kafara ili merikebu zipate upepo. Medea naye alivunjiwa kiapo na mumewe Jason kabla hajawaua watoto wao. Kueleza si kutetea. Andika damu zote mbili.

Usiwaweke wasaliti wote kapu moja. Brutus anasadiki kwamba anaiokoa jamhuri, na anaua kwa kuhofia kile Kaizari atakachokuwa, si alichokwisha kutenda. Iago, katika *Othello*, anatoa sababu leo na nyingine kesho, na mwisho anakataa katakata kusema. Usimtungie sababu ambayo yeye mwenyewe ameinyima dunia.

Usimwonee huruma Othello kupita kiasi. Amedanganywa na Iago, ndiyo. Ila Desdemona aliacha nyumba ya baba yake kwa ajili yake, naye akaiamini leso ya ushahidi wa uongo kuliko mkewe. Kwa Desdemona, msaliti aliyemuua ni mume.

Mwalimu, usimpe alama mwanafunzi aliyeandika kwamba mtoto wa Liyongo alikuwa na tamaa, akaishia hapo. Mrudishie daftari. Aeleze nani aliipalilia tamaa hiyo, kwa ahadi gani, na kwa nini baba alijibu.