Kamera ya Urithi Iliyokwama

1. Mzee akifa, pengine watoto wake hukuta sandukuni kamera yake ya zamani. Wanaitoa, wanapangusa vumbi, wanaifungua. Kisha wanashika pete ya mbele ili waigeuze: haisogei hata kidogo. Ndipo wengine husema: «Imekufa pamoja na mwenyewe.» Lakini hawasemi kweli. Kitu kilichokwama si kitu kilichokufa. Tutafute sababu.

2. Tutwae mfano wa kamera iitwayo Isolette. Ilitengenezwa na kiwanda cha Agfa, katika mji wa München, nchi ya Ujerumani. Nyingi ziliuzwa katika miaka ya 1950. Kamera hiyo hukunjwa ikaingia mfukoni mwa koti. Filimu moja hutoa picha 12, kila picha karibu sentimita 6 kwa 6.

Isolette nyingi zina vioo vitatu: cha mbele, cha kati na cha nyuma. Kioo cha mbele kimefungwa juu ya kioo cha kati kwa kuzungushwa, kama kifuniko juu ya shingo ya chupa. Ukigeuza pete, kioo cha mbele husogea kidogo sana, kwenda mbele au kurudi nyuma. Hivyo mtu aliye karibu, au mlima ulio mbali, huonekana wazi katika picha.

3. Kwa nini pete inakwama? Si kutu. Ni grisi. Kiwandani walitia grisi ili kioo kizunguke vizuri. Miaka mingi ilipopita, grisi hiyo ilikauka. Sasa ni ya kijani, nayo inashika kama ulimbo uliokauka mtini. Kilichowekwa ili kulainisha ndicho kinachofunga.

4. Mtu asiye na subira hukamata koleo na kugeuza kwa nguvu. Halafu anafurahi: «Tazameni, inazunguka!» Kumbe amedanganyika. Kioo cha mbele hakikuachana na kioo cha kati. Vyote viwili vinazunguka pamoja, na kile cha kati kinatoka mahali pake. Pete inageuka, lakini picha zote zitakuwa na ukungu. Tena koleo limekwaruza chuma, na pengine limepasua kioo. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

5. Kabla ya kufungua mgongo wa kamera, tazama kwanza kidirisha chekundu kilicho nyuma. Namba ikionekana pale, filimu ingali ndani. Labda ni picha za mwisho alizopiga marehemu: uso wa mama, nyumba ya kwanza, mtoto aliyekuwa mchanga. Ukifungua katika mwanga, nuru itazifuta kwa dakika moja, wala hakuna fundi awezaye kuzirudisha. Basi geuza ufunguo wa filimu polepole mpaka karatasi yote imepita na ufunguo unazunguka kwa wepesi. Toa filimu kivulini, ifunge kwa gundi yake, uifunike vema, uipeleke kwa mwenye kusafisha picha. Filimu ya miaka mingi pengine haitoi kitu. Lakini mara nyingine hutoa sura zinazojulikana bado.

6. Sasa fundi aanze kazi. Watoto wasiifanye peke yao, maana dawa yake huwaka moto upesi.

Kwanza anatia alama kuonyesha pete ilivyokaa. Analegeza skurubu tatu ndogo za ubavuni, anaondoa pete. Anatia matone machache ya benzini nyepesi pale vioo viwili vinapokutana. Dirisha liwe wazi, wala pasiwe na moto. Anangoja. Anatia tena. Pengine kazi hii huchukua siku nyingi.

Vikianza kuachana, anazungusha polepole, akitia alama mahali vinapotengana. Anasafisha grisi yote ya kale, anapaka mpya kidogo sana. Hatii mafuta penye vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga nuru, maana vibati hivyo hufanya kazi vikiwa vikavu.

7. Bado pete haijarudishwa mahali pake. Fundi anafungua mgongo wa kamera, anaweka kioo chenye ukungu pale filimu inapokaa. Anaacha nuru ipite, anaelekeza kamera kwenye mlima wa mbali. Mlima unaonekana kiooni, kichwa chini. Anageuza kioo cha mbele mpaka ukingo wa mlima uwe mwembamba kama uzi. Hapo anaifunga pete ikionyesha alama ya mbali kabisa. Mwisho, katika chumba chenye giza, anatia taa ndani ya mfuko unaokunjwa. Nuru ikitokea penye pembe, kuna tundu la kuzibwa.

Filimu ya kamera hiyo ingali ikiuzwa hata leo. Jicho la marehemu lilitazama jamaa zake kupitia vioo vile. Sasa wajukuu watatazama wao.

Maulizo

1. Ni kitu gani kilichokwamisha pete?
2. Kwa nini pete iliyogeuzwa kwa nguvu humdanganya mtu?
3. Kidirisha chekundu kinatuambia nini?
4. Kwa nini fundi hutia alama kabla ya kufungua?
5. Taja chombo cha nyumbani kwenu kinachokwama. Eleza sababu yake kabla ya kutaja dawa yake.